Vitenzi vya Wiki ya Kwanza: Kiswahili cha Teknolojia kwa Mwajiriwa Mpya wa Chuo Kikuu

Ikisiri

Katika siku zake za mwanzo kazini, mwajiriwa mpya wa chuo kikuu katika Afrika Mashariki hupewa akaunti, neno siri, anwani ya barua pepe na orodha ya mifumo ya kielektroniki anayotakiwa kuitumia. Mjadala kuhusu Kiswahili cha teknolojia umejikita kwa muda mrefu katika majina ya vifaa na ya dhana. Makala hii inadai kwamba makosa yenye gharama kubwa hayasababishwi na majina hayo, bali na vitenzi vichache ambavyo kila mtu anadhani anavifahamu: ingia na toka, hifadhi, shiriki, na thibitisha. Kila kimoja kina maana ya kawaida ambayo msemaji huja nayo kazini, na kina maana ya kimfumo inayoachana nayo mahali palepale penye hatari. Makala inafafanua tofauti hizo, inaonyesha namna sarufi ya Kiswahili inavyoweza kuziondoa, na inapendekeza muundo wa mwongozo mfupi unaoweza kutumiwa na vyuo vya kanda hii.

1. Utangulizi

Katika miongo miwili iliyopita Kiswahili kimepata hadhi ya kisheria katika nchi ambazo zamani hazikukipa nafasi hiyo. Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Rwanda ilikiingiza miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2017. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kifaransa, na mwaka huohuo UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Maamuzi haya ni makubwa. Hata hivyo, manufaa yake kwa mtumishi wa kawaida hupimwa katika maandishi madogo: fomu, tangazo la ubaoni, na mwongozo anaokabidhiwa siku anaporipoti kazini.

Chuo kikuu ni mahali pafaapo kufanyia kipimo hicho, kwa sababu mwajiriwa wake mpya si mhadhiri peke yake. Ni mtunza bweni, dereva, mlinzi wa lango, mhudumu wa maabara, karani wa masjala na mkutubi msaidizi. Hawa wote siku hizi wanaweza kutakiwa kuomba likizo, kuona hati ya mshahara na kupokea maagizo kwa njia ya mtandao. Mwongozo wa mifumo hiyo, unapokuwapo, kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa nchini Burundi na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mhadhiri atausoma na kuuelewa. Mtunza bweni atamwomba mwenzake amsaidie, na msaada huo utaanza kwa yeye kumtajia mwenzake neno siri lake. Hapo ndipo suala la lugha linapogeuka kuwa suala la usalama: mtumishi ambaye hakuandikiwa kwa lugha anayoielewa amelazimika kuvunja kanuni ya kwanza kabla hajaijua.

Makala hii haitoi takwimu za matumizi wala haitathmini chuo chochote. Inachambua maana za vitenzi kama vinavyotumika katika Kiswahili cha kila siku na katika programu zilizotafsiriwa. Sentensi za mifano zimetungwa na mwandishi, isipokuwa pale inapoelezwa vingine.

2. Majina tunayo, tatizo liko kwingine

Wataalamu wa istilahi hawakulala. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice. Kampuni kubwa za programu nazo zikafuata kwa matoleo yao. Leo msomaji wa Kiswahili ana kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Ana kipanya na puku. Ana nywila, neno siri na nenosiri. Ana tovuti, kivinjari, kiambatisho na barua pepe.

Wingi huu hulalamikiwa sana katika makongamano, na ni kweli kwamba usanifishaji wake haujakamilika. Lakini tujiulize swali la kiutendaji: je, kuna mtumishi aliyepoteza kazi ya miezi sita kwa sababu aliambiwa tarakilishi badala ya kompyuta? Jina geni humsimamisha msomaji na kumfanya aulize. Akishaonyeshwa kifaa chenyewe, utata umekwisha. Kitenzi kinachofahamika hakimsimamishi. Anakisoma, anakielewa kwa maana aliyozaliwa nayo, anabonyeza, na kosa linatendeka bila mtu yeyote kuhisi kwamba lugha imehusika.

Uzoefu wa huduma za fedha kwa simu unatupa ushahidi wa upande wa pili, yaani wa vitenzi vilivyofanya kazi vizuri. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na kisha Tanzania mwaka 2008, haikuwafundisha watu istilahi za benki. Iliwapa vitenzi ambavyo maana yake ya mtaani na maana yake ya kimfumo zinakaribiana: tuma, toa, lipa. Mama anayeuza nyanya sokoni anajua kwamba akituma, fedha imemtoka na imemfikia mwingine; akitoa, anapokea noti mkononi. Anajua pia kwamba namba ya siri haiambiwi mtu, hata wakala. Mwongozo wa chuo ukianzia katika ujuzi huu, utakuwa umeanzia mahali ambapo mtumishi tayari amesimama.

3. Ingia na toka

Katika Kiswahili cha kawaida, kuingia ni kupita mlango. Aliyeingia yumo, aliyetoka hayumo, na kila mtu anaona. Mfumo wa kompyuta hauna mlango wa namna hiyo. Kuingia humo ni kujitambulisha: mtumishi anataja jina lake, anatoa siri inayolithibitisha, na tangu hapo kila kitendo kinaandikwa kwa jina hilo. Istilahi ya Kiingereza ina picha ya kutia saini au kujiandikisha kitabuni. Kiswahili kilipoitafsiri kilichukua picha ya mlango, kikaiacha ya kitabu.

Athari yake huonekana katika ofisi zenye kompyuta moja inayotumiwa na watu watatu au wanne. Mtumishi anamaliza kazi, anafunga ukurasa na kuondoka. Kwa maana ya mlango, ametoka: haonekani tena kwenye kioo, wala hayumo chumbani. Kwa maana ya mfumo, bado yumo. Anayekaa baada yake anaweza kufungua ukurasa uleule na kuidhinisha, kufuta au kutuma, na kumbukumbu za mfumo zitamtaja yule wa kwanza. Yakitokea mashtaka ya kinidhamu, jina lililoandikwa ndilo litakaloitwa.

Picha inayofaa kumfafanulia mwajiriwa mpya ipo langoni mwa vyuo vyetu. Mgeni anayefika huandika katika daftari jina lake, namba ya kitambulisho na saa aliyoingia. Akiondoka huandika saa aliyotoka. Asipoandika, daftari linaonyesha kwamba bado yumo ndani. Mlinzi wa lango anaielewa dhana hii kuliko profesa. Kwa hiyo sentensi ya mwongozo haifai kuishia “Toka ukimaliza.” Iseme: “Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kutoka ili mfumo uache kuandika vitendo kwa jina lako. Kufunga ukurasa hakutoshi.”

Mtandao wa eduroam unaonyesha kwa uwazi zaidi kwamba kuingia hakuhusu mahali. Mhadhiri wa chuo kilichojiunga nao mjini Kampala, akifika katika chuo kingine kilichojiunga mjini Nairobi, hutumia jina na neno siri la chuo chake. Chuo mwenyeji hupeleka ombi nyumbani, chuo cha nyumbani hukiri kwamba kinamfahamu, naye hupata intaneti. Mitandao ya kitaifa ya elimu na utafiti, kama KENET ya Kenya na RENU ya Uganda, ndiyo inayowezesha mawasiliano hayo. Hapa mtu anaingia Nairobi kwa kutambuliwa na Kampala. Ndiyo sababu jina la kuingilia ni sharti liandikwe kamili, pamoja na sehemu inayotaja chuo. Bila sehemu hiyo mwenyeji hajui aulize wapi.

Kuhusu neno siri lenyewe, ushauri wa kitaalamu umebadilika kuliko miongozo mingi inavyoonyesha. Mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilishauri kwamba urefu una manufaa kuliko mchanganyiko wa alama, na kwamba watumiaji wasilazimishwe kubadilisha neno siri kila baada ya muda fulani ikiwa hakuna dalili kwamba limevuja. Jambo hili linawafaa wasemaji wa lugha zetu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, hata yakichanganya Kiswahili na lugha ya nyumbani, hukumbukwa kwa urahisi na hukisiwa kwa shida. Methali mashuhuri haifai, kwa kuwa kila anayekisia anaijua pia.

4. Hifadhi

Hifadhi ni kitenzi chenye heshima. Kuna hifadhi za taifa ambamo wanyama hulindwa, na kuna hifadhi ya jamii inayomlinda mstaafu. Maana yake ya msingi ni kutunza kitu kisipatwe na madhara. Programu inapomwambia mtumishi kwamba faili limehifadhiwa, anaelewa kwamba sasa liko salama. Kilichotokea kwa hakika ni kidogo zaidi: maandishi yameandikwa mahali fulani, pengine katika diski ya kompyuta hiyohiyo iliyo mezani. Kompyuta ikiibiwa, diski ikifa, au umeme ukirudi kwa kishindo na kuiunguza, kilichohifadhiwa hakipo.

Kitendo cha kutengeneza nakala ya pili kwa ajili ya siku ya maafa kina majina yake: nakala rudufu, chelezo, nakala ya akiba. Chelezo ni neno zuri lenye asili ya ubaharia, lakini asiyeishi karibu na maji halimwambii mengi. Nakala ya akiba inaeleweka Bujumbura kama inavyoeleweka Tanga, kwa sababu kila kaya inajua akiba ni nini na inawekwa kwa ajili gani. Kanuni inayofundishwa sana na watunza data huitwa 3-2-1: kuwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Moto ulioteketeza Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere tarehe 20 Septemba 2020, jengo lililokuwa na ofisi za utawala, uliwakumbusha watunza kumbukumbu wa kanda nzima hatari ya kuweka kila kitu chini ya paa moja.

Kisarufi, tatizo la hifadhi ni kwamba programu hukitumia bila kielezi cha mahali. “Hifadhi” peke yake haijibu swali la wapi. Mwongozo wa mwajiriwa mpya hauna budi kulijibu kila mara: “Hifadhi orodha ya wakazi wa bweni katika folda ya idara iliyo kwenye seva ya chuo.” Nyongeza hiyo ina faida ya pili. Faili lililo katika folda ya idara hubaki mtumishi anapohama au kustaafu. Lililo katika kompyuta yake binafsi huondoka naye, na anayempokea kazi huanza upya.

5. Shiriki, shirikisha, sambaza

Katika programu kadhaa zilizotafsiriwa, kitufe cha kuwapa wengine hati kimeandikwa “Shiriki”. Tafsiri hii ina kasoro ya wazi. Kushiriki ni kuwa miongoni mwa watendao: mtu hushiriki mkutano, hushiriki mazishi. Anayetaka kumwingiza mwingine humshirikisha. “Shiriki hati” humfanya mtendaji kuwa mshiriki, na humficha yule anayepewa. Kiambishi cha utendeshaji kilichoachwa ndicho kilichobeba habari muhimu, yaani kwamba kuna mtu wa pili, naye atapata kitu.

Sambaza, ambalo baadhi hulipendelea, lina utata wa kikanda. Kwa maana ya kamusi ni kueneza kotekote. Nchini Kenya, huduma ya Safaricom ya kumpa mtu mwingine salio la simu imeitwa Sambaza kwa miaka mingi, na matumizi hayo yamelibana neno mpaka likaweza kumaanisha kumpa mtu mmoja. Sentensi “Sambaza orodha kwa mkuu wa idara” itasomwa bila shaka yoyote Nakuru, lakini Dodoma inaweza kuacha swali kama wengine nao wapelekewe.

Chini ya kitufe hiki kimoja kuna vitendo vitatu vyenye matokeo tofauti. Cha kwanza ni kutuma nakala: faili jipya linamfikia mpokeaji, na mtumaji hana tena mamlaka juu yake. Cha pili ni kuruhusu: hati inabaki moja, na mtu aliyetajwa kwa jina anaruhusiwa kuisoma, kuitolea maoni au kuihariri, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Cha tatu ni kufungua kiungo: yeyote aliye na anwani ya hati anaisoma, awe mtumishi wa chuo au asiwe. Mwajiriwa mpya anayeambiwa tu “shiriki” ana nafasi ya kuchagua cha tatu kwa sababu ndicho chepesi: hakimtaki aandike jina la mtu yeyote.

Chukua mfano wa karani aliyeajiriwa mwezi uliopita katika ofisi ya mitihani. Ana jedwali lenye majina, namba za usajili na alama za wanafunzi mia tatu. Anaombwa awape wahadhiri wa idara. Anafungua kiungo na kukibandika katika kundi la WhatsApp la idara. Mmoja anakipeleka kwenye kundi la wanafunzi, na kabla ya jioni alama za kila mmoja zinasomwa na kila mmoja. Hili si suala la aibu tu. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Nchini Kenya, taasisi inayogundua kwamba taarifa zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Karani wetu hakuwa na nia mbaya. Aliambiwa ashiriki, akashiriki.

Kiswahili kina uwezo kamili wa kuvitenganisha vitendo hivi bila istilahi mpya hata moja: mtumie nakala, mruhusu kusoma, mruhusu kuhariri, mwondolee ruhusa, fungulia wote. Kiambishi cha yambwa katika “mruhusu” kinamlazimisha mwandishi kujua ni nani anayezungumziwa. Ulazima huo ni kinga, na ndio ambao “shiriki” imeuondoa.

6. Thibitisha

Kitenzi cha nne ndicho kinachotumiwa na walaghai, na ndicho kinachomgusa mwajiriwa mpya kuliko mtu mwingine yeyote. Thibitisha kina angalau maana tatu katika maisha yake ya kazi. Kwanza, ni kuonyesha kwamba jambo ni kweli. Pili, katika lugha ya utumishi, mtu aliyemaliza kipindi cha majaribio huthibitishwa kazini. Kabla ya hapo ajira yake haijatulia. Tatu, katika mifumo ya kompyuta, ni kukiri kwamba anayeomba kuingia ni yeye kweli, kwa mfano kwa kuandika namba iliyotumwa kwenye simu yake.

Sasa fikiria ujumbe wa barua pepe unaojitambulisha kuwa umetoka idara ya rasilimali watu: “Thibitisha akaunti yako leo, la sivyo itafungwa.” Kwa mtumishi wa miaka kumi, huu ni usumbufu. Kwa aliye katika miezi ya majaribio, neno hilo linagusa jambo analoliwaza kila siku. Haraka yake ya kubonyeza haitokani na ujinga. Inatokana na maana ya pili kuingia ndani ya maana ya tatu.

Wasemaji wa Kiswahili si wageni wa ulaghai wa lugha. Nchini Tanzania karibu kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe mfupi wa kumtaka ile pesa aitume kwenye namba nyingine. Nguvu ya ujumbe huo iko katika kionyeshi “ile”, ambacho hudokeza kwamba mtumaji na mpokeaji wana jambo wanalolijua tayari. Aliyekuwa na deni au ahadi hulijaza pengo mwenyewe. Mwongozo wa chuo unaweza kuanza na mfano huu unaojulikana, kisha uonyeshe kwamba barua pepe ya ulaghai hufanya kazi kwa njia ileile: hutaja jambo kana kwamba limekwisha kuanza.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni rahisi ya kufundisha: thibitisha tu kile ulichokianzisha wewe mwenyewe. Ukiwa umeandika jina na neno siri lako sasa hivi, na namba ya uthibitisho ikafika, iandike. Namba ikifika nawe hukuanzisha lolote, kuna mtu anayejaribu kuingia kwa jina lako. Usiiandike popote, usimtajie mtu, toa taarifa. Mwelekeo wa kitendo uzingatiwe pia. Anayekutaka uthibitishe ndiye anayepaswa kuthibitika kwanza.

Njia mojawapo ya kumpima ni kusoma anwani ya ukurasa kutoka nyuma. Vyuo vya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hutumia anwani zinazoishia .ac.tz, .ac.ke, .ac.ug na .ac.rw. Kinachohesabika ni sehemu iliyo mara tu kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Anwani inayoanza na jina la chuo lakini ikaishia na jina jingine ni ya huyo mwingine, kama barua yenye nembo ya chuo iliyotumwa kutoka sanduku la posta la mtu binafsi. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, kwani hata akaunti halisi ya chuo inaweza kutekwa, lakini huondoa sehemu kubwa ya ulaghai wa kawaida.

Limebaki suala la adabu. Ujumbe wa ulaghai mara nyingi huja kwa jina la mkubwa: mkuu wa kitivo, mhasibu mkuu, hata Makamu Mkuu wa Chuo. Katika jamii zetu mdogo hamhoji mkubwa kirahisi, na mgeni kazini ndiye mdogo kuliko wote. Kumwambia “kuwa mwangalifu” bila kumpa maneno ya kutumia ni kumwachia mzigo. Mwongozo umpe sentensi iliyo tayari: “Samahani mkuu, utaratibu unanitaka nipige simu ofisini kwako kabla ya kutekeleza.” Sentensi hiyo inatunza heshima ya pande zote mbili, kwa kuwa inaitaja sheria ya ofisi na haimtuhumu mtu.

7. Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu yanatolewa mapendekezo manne.

Kwanza, kila chuo kiandae mwongozo wa Kiswahili usiozidi kurasa mbili kwa waajiriwa wapya wa kada zote, uliopangwa kwa vitenzi badala ya majina ya mifumo. Chini ya kila kitenzi yajibiwe maswali matatu: Nini kinatokea nikifanya hivi? Nani ataona? Nikikosea, narudije nyuma?

Pili, pale ambapo mfumo wenyewe uko kwa Kiingereza au Kifaransa, kitufe kitajwe kama kinavyosomeka kwenye kioo, na maelezo ya matokeo yake yawe kwa Kiswahili. Hoja kwamba mwongozo wa Kiswahili hauna maana kwa kuwa mifumo ni ya kigeni haina mashiko. Dereva husoma alama ya barabarani asiyoichora yeye, mradi amefundishwa maana yake.

Tatu, mwongozo ujaribiwe kabla ya kuchapwa, na wajaribiwa wasiwe wahadhiri wa lugha. Apewe mtunza bweni na mhudumu wa maabara, waombwe watende bila kusaidiwa. Pale watakapokwama, sentensi ndiyo irekebishwe.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki zikubaliane juu ya orodha fupi ya vitenzi vya mifumo, pamoja na sentensi za mfano. Orodha ya vitenzi ishirini vilivyofafanuliwa vizuri ingewafaa watumishi wa kanda kuliko kamusi ya majina elfu mbili. Izingatie kwamba katika Uganda, Rwanda na Burundi wapo watumishi ambao Kiswahili ni lugha yao ya tatu. Kwao sentensi fupi zenye vitenzi vya msingi zitafaa, na tafsiri ya Kiganda, Kinyarwanda au Kirundi iwekwe kandokando inapohitajika.

8. Hitimisho

Sera ya lugha hutazamwa mara nyingi kutoka juu, kwenye katiba na matamko. Makala hii imeitazama kutoka mezani kwa mtu aliyeripoti kazini Jumatatu. Imeonyesha kwamba aliyefunga ukurasa huenda hajatoka, kilichohifadhiwa huenda hakina akiba, aliyeshiriki huenda amewafungulia wote, na aliyethibitisha huenda amemkabidhi mlaghai ufunguo. Katika kila hali Kiswahili kilikuwa na njia ya kulisema jambo kwa usahihi, kwa kielezi cha mahali, kwa kiambishi cha yambwa, au kwa mnyambuliko wa kitenzi. Kazi iliyobaki ni ya waandishi wa miongozo, na haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji mtaalamu wa lugha na mtaalamu wa mifumo waketi meza moja kabla waajiriwa wa mwaka ujao hawajafika.